Jenerali wa Vipepeo

Wiki iliyopita kijana anayeuza kwenye agrovet, duka la dawa za mifugo lililo mkabala na kibanda changu hapa Nakuru aliniletea koti lake jeupe la kazi nimshonee mfuko uliong'oka. Nilipolitandaza juu ya cherehani, harufu ikanipanda puani: dawa ya kupe. Ukishawahi kumshika ng'ombe pembe huku mtu mwingine anampulizia, huwezi kuisahau. Ni kali kama mafuta ya taa, na ndani yake kuna utamu fulani unaokaribia kuoza. Mguu wangu ulisimama kwenye kanyagio. Sikuwa Nakuru tena. Nilikuwa Keringet, msichana wa miaka kumi au kumi na mmoja, nimesimama juu ya nyasi zilizolowa dawa kama hiyo, na miguuni pangu wadudu weupe wenye madoa mekundu walikuwa wanakufa kwa sababu ya maneno yangu.

Mimi si mtu wa vitabu. Niliishia darasa la nane, na daftari hili ni la vipimo vya watu, kiuno na mabega, halafu kurasa za nyuma ndipo naandika mambo yangu. Kwa hivyo pale nitakapopinda mnivumilie. Nimempigia dada yangu Chebet simu mara mbili nikimuuliza habari hizi, na kuna mahali hatukubaliani. Hapo nitawaambia.

Juu ya kwetu kulikuwa na uwanja mkubwa ambao watu waliuita Open. Zamani ulikuwa msitu, miti ikakatwa, na kwa sababu ambazo kila mtu anazisimulia kivyake, haikupandwa mingine. Ikabaki nchi tupu ya upepo, vichaka vigumu vya kufika gotini, nyasi za rangi ya manyoya ya sungura, na maua madogo ya manjano hapa na pale. Asubuhi baridi ya huko ilikata masikio. Saa sita jua likishika, ardhi ilinuka kama mkate ulioungua kidogo chini. Baba alitukataza kupeleka mifugo huko. Upande wa pili ulipakana na msitu, na ng'ombe akiingia mle askari wa msitu walimchukua, na kumtoa kwao ilikuwa shughuli ya wiki nzima.

"Lisha kando ya barabara," alisema baba. "Mahali mtu wa nyumbani anaweza kukuona akisimama mlangoni."

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, lakini niseme ukweli, hakuwa mkali. Watoto wa jirani walichapwa kutuzidi. Nasema mapema kwa sababu katika habari hii nilimwogopa sana, na hofu hiyo niliitengeneza mwenyewe. Yeye hakunipa sababu kubwa.

Mnyama wetu wa kujivunia alikuwa mtamba aliyeitwa Krismasi. Alizaliwa siku hiyo, mchungaji akiwa bado anahubiri, na sisi watoto tukatoroka ibada kwenda kumwona. Alikuwa mwekundu, na kwenye paji la uso alikuwa na baka jeupe kama mtu aliyepakwa unga. Gogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, tuliishi naye boma moja, na alikuwa amenipa ahadi: Krismasi akizaa, maziwa yake ya kugandisha yatakuwa kazi yangu, ndani ya kibuyu changu mwenyewe. Kwetu msichana hapewi kibuyu cha mursik, ndiyo maziwa hayo ya kugandisha, hivi hivi. Anafundishwa kukiosha, kukisugua ndani kwa kijinga cha mti unaonukia mpaka kitoe masizi, na kungoja. Changu Gogo alikuwa ameshakitundika karibu na moto kwa ukanda wa ngozi, na kila jioni nilikitazama vile mtoto wa siku hizi anavyoitazama simu ya mamake.

Mwaka huo mvua ya Novemba haikushuka vizuri. Kufikia likizo ya mwisho wa mwaka nyasi za kando ya barabara zilikuwa zimeliwa hadi udongo, na kila boma lililisha mstari huo huo. Krismasi alikuwa na mimba. Nilimwona akilamba vumbi. Nikaamua mwenyewe, na hapa simsingizii mtu, nikampandisha Open. Baba mchana kutwa alikuwa kwenye shamba la viazi bondeni, mama sokoni, Gogo macho yake yalikuwa yamefifia. Nilipanda baada ya chai na kurudi kabla baba hajapanda kutoka bondeni. Nilifanya hivyo kila siku kwa wiki tano. Chebet anasema ni wiki tatu. Labda yeye ndiye yuko sahihi, maana siku ambazo umevunja amri huwa ndefu.

Huko ndiko nilikokutana na wale wadudu. Nitawaeleza kwa macho ya fundi wa nguo, ndiyo macho niliyo nayo sasa. Mbawa za mbele zilikuwa nyeupe kama shuka, zimechapwa vidoa vyeusi na vyekundu, kama kitambaa cha gauni la mtoto la Jumapili. Mbawa za nyuma zilikuwa nyeupe tupu zenye pindo jeusi lililochanikachanika. Ukipita kwenye nyasi waliruka kumi, ishirini, wakapepea haraka hatua chache, kisha wakaanguka na kupotea. Jua likiwa kali kabisa ndipo walipokuwa wengi. Nililala kifudifudi nikiwatazama, Krismasi akitafuna kando yangu, upepo ukinipita juu ya mgongo. Sikumbuki amani nyingine ya utotoni iliyofanana na hiyo, na inanisumbua kwamba ilikuwa amani ya wizi.

Binadamu mwingine aliyekuwa Open ni mmoja tu, Baba Wanja. Alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Elburgon mpaka msumeno ukamnyang'anya vidole viwili, ndipo akahamia pembeni mwa Open na mizinga yake mitano ya nyuki. Aliongea kama mtu anayelipwa kwa neno. Mwenyewe alisema ni kwa sababu nyuki hawajibu.

"Unacheza na nini, Chelangat?" aliniuliza siku moja.

"Vipepeo, Baba Wanja."

"Hapo umekosea. Huyo ni nondo."

Nilicheka. Nondo niliowajua mimi ni wale wa rangi ya majivu wanaojigonga kwenye taa. "Nondo hatoki mchana!"

"Kwani askari wa usiku akipewa zamu ya mchana anageuka kuwa mwalimu? Njoo nikuonyeshe."

Akainama, akanielekeza kwa mkono wake wa vidole vitatu. Kipepeo akitua, alisema, huinua mbawa zake mbili zikakutana juu ya mgongo kama viganja vya mtu anayeomba. Huyu alizikunja chini, akajifunga nazo mwilini kama Gogo na shuka lake wakati wa baridi. Halafu pembe. Za kipepeo zina kifundo mwishoni, kama njiti ya kiberiti. Za huyu zilikuwa nyembamba hadi ncha, kama uzi. Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amenipa kitu cha kutazama hivyo, kwa makini, bila haraka.

Nilipoanza kutazama niliona zaidi. Nondo hao hawakutua ovyo. Walipenda mmea mmoja wenye maua ya manjano, unaozaa maganda yaliyovimba, na yakikauka mbegu zinacheza ndani kama kayamba. Viwavi wao walikuwa hapo hapo, weusi wenye manyoya, mistari myeupe na vidoa vya rangi ya chungwa, wakila majani na kutoboa maganda. Mmea ulifanana na mitoo. Nyinyi mnaojua mboga za kienyeji mnaijua mitoo: chungu kidogo, Gogo aliipika na maziwa, na tuliila tangu tukiwa hatuna meno. Mwanzoni Krismasi aliupita mmea huo akitafuta nyasi. Nyasi zikaisha. Basi mimi, kwa mikono hii, nikawa naukwanyua na kumlisha. Mboga nzuri niliijua nikiiona, ndivyo nilivyofikiri. Alipotafuna, maganda yalilia mdomoni mwake, nami nilicheka nikimwambia anacheza ngoma.

Shule zilipokaribia kufunguliwa Krismasi alianza kupungua. Manyoya yalisimama, yakapoteza mng'ao. Akawa anaharisha na kujikamua. Kisha akaanza jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashika kitu kilicho karibu: alikwenda kwenye ua, akaweka lile baka jeupe kwenye nguzo, akasukuma. Akasimama hivyo, akisukuma, kama mtu anayejaribu kuingia nyumba isiyo na mlango.

Baba alimwita daktari wa mifugo. Simlaumu daktari huyo. Aliuliza swali lililotakiwa: "Huyu analishwa wapi?"

Baba akanigeukia. Nikasema, "Barabarani." Baba akamwambia daktari, "Barabarani." Daktari akapiga sindano ya homa akaenda zake.

Jioni hiyo hiyo baba alikuwa anampangusa Krismasi uso. Akasimama. Kwenye pua, ndani ya ute, alikuwa amenasa nondo mmoja mwenye madoa. Alikuwa hai bado. Baba akambana kwa vidole viwili, na nyuma ya kichwa cha mdudu yule likatoka povu la manjano lenye harufu mbaya.

"Hii ni nini?" baba aliuliza. "Huyu ni mdudu wa Open. Chelangat, ulimpeleka Krismasi Open?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Nimeipima mara nyingi, na ilikuwa nafasi ya kutosha. Lakini nilisema, "Hapana, baba. Hao wadudu walishuka wenyewe mpaka barabarani. Walikuwa wengi. Walimwingia puani."

Baba aliangalia povu kwenye vidole vyake. "Sumu," alisema polepole. "Hii ndiyo sumu yenyewe."

Lazima niwe mwadilifu kwake. Uongo wangu ulikuwa na vipande vya kweli, na ndiyo maana ulisimama. Mdudu alikuwepo. Povu lilikuwepo. Rangi zile zilikuwa za kumwambia mtu yeyote ajihadhari. Hata mimi, nikilala, nilianza kuamini kidogo kwamba wadudu walishuka barabarani.

Krismasi alikufa Alhamisi, amelaza kichwa kwenye ua. Gogo alikiondoa kibuyu changu kwenye ukanda, akakiweka juu ya dari, mahali nisipoweza kukifikia.

Ijumaa baba alikwenda nyumba kwa nyumba. Kipsang, jirani yetu wa mdomo mrefu ambaye hakukosa jambo la kuongezea, alisema naye ndama wake alikohoa wiki iliyopita, lazima ni wadudu hao hao. Jumamosi asubuhi mlima mzima ulipanda Open. Watu kama kumi na tano, Chebet anasema ishirini, na pampu za mgongoni zile za kupulizia ng'ombe, zimejazwa dawa ya kupe. Walijipanga mstari mmoja kama watu wanaovuna ngano. Baba alikuwa katikati, mkono juu.

"Twendeni pamoja! Msiache nafasi!"

"Sawa, jenerali!" Kipsang alipiga saluti, watu wakacheka, na pampu zikaanza kulia.

Sisi watoto tulifuata nyuma tukikanyaga waliobaki. Nami nilikanyaga. Jua lilikuwa kali, na walipoguswa na dawa waliruka wote kwa mara moja, weupe na wekundu, kisha wakashuka kama vipande vya kitambaa vinavyoanguka chini ya meza yangu ya kazi. Watu walishangilia. Harufu ile iliingia kwenye sweta yangu ikakaa humo mpaka Pasaka.

Hakuna aliyefikiria nyuki.

Jumapili baada ya kanisa nilipanda peke yangu. Sijui nilitaka nini. Nilimkuta Baba Wanja amepiga magoti mbele ya mizinga, na ufagio wa vijiti, anakusanya nyuki waliokufa. Lilikuwa rundo la kujaza karai. Hawakuwa na sauti yoyote, na mahali pale palizoea kuvuma kutwa.

"Karibu," alisema bila kuinua kichwa. "Jeshi la Keringet limeshinda. Rudi uwaambie adui ameangamia, yeye na majirani zake wote."

Nilianza kulia. Maneno yakatoka yote pamoja: Open, barabara, pua, uongo. Niliposema kila kitu nilingoja anifukuze. Yeye alikaa chini, akaweka ufagio kwenye mapaja.

"Nilikuwa nakuona kila siku na huyo mtamba," alisema. "Nilidhani baba yako anajua. Jana walipofika na pampu, nikasikia wakisema ati wadudu walishuka barabarani, hapo nikajua umedanganya. Na mimi nikanyamaza. Nilisema moyoni, mtoto atachapwa bure, acha wapulizie nyasi zao. Sikukumbuka upepo." Akatazama rundo. "Kwa hivyo tuko wawili, mama. Usijibebee yote."

Kuku wake mmoja alikuwa anadonoa karibu nasi. Akamwokota nondo aliyekufa, akamtema, akapangusa mdomo kwenye udongo huku na huku, kama mtu aliyeonja sabuni.

"Ni dawa," nilisema.

"Inaweza kuwa dawa," alisema Baba Wanja. Akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba ambako pampu hazikufika, akarudi na nondo mzima aliyemfunika kwa kiganja. "Huyu hajaguswa." Akamwachia mbele ya kuku. Kuku akamdaka, akasimama, akamtema, akapangusa mdomo. Nondo akajikung'uta, akatembea.

Baba Wanja akamfuata kwa macho.

"Huyu mdudu ni mchungu," alisema. "Lakini uchungu ameutoa wapi? Nyuki wangu asali yao ina ladha ya maua waliyofyonza. Huyu tangu akiwa kiwavi anakula nini?"

Nilijua anakula nini. Niliangalia ule mmea wa maganda ya kayamba, umesimama mbele yetu na dawa ikiwa imekauka juu ya majani. Ndipo nilipoona jambo lililokuwa wazi wakati wote: kila kitu Open kilikuwa kimeumwa na meno, nyasi, vichaka, hata magome. Mmea huo tu ulikuwa mzima. Paa hawakuugusa. Kondoo wa watu wa upande wa msitu, waliokuwa wakipita hapo, hawakuugusa. Krismasi mwenyewe hakuugusa, mpaka nilipomtilia mdomoni.

"Ni mitoo," nilisema, lakini sauti yangu haikuwa na nguvu.

"Ni ndugu yake mitoo. Mimi nina ndugu yangu Elburgon, ukikaa naye mezani utajuta." Halafu akaacha mzaha ghafla. "Chelangat. Ni kweli ninavyosikia, kesho ng'ombe wote wanapandishwa huku?"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeisikia kanisani. Wadudu wameisha, barabara haina nyasi, Open ni salama sasa, na baba amekubali kusimama upande wa msitu awazuie wasivuke. Ng'ombe wa mlima mzima. Wetu wanne waliobaki. Wa Kipsang na yule ndama wa kikohozi.

"Waambie wewe, Baba Wanja."

"Naweza. Lakini watasema nina uchungu wa nyuki wangu, nataka kuwanyima malisho. Na mimi sikumlisha mtamba kwa mkono. Wewe ndiye unajua alikula nini na kwa siku ngapi."

Niling'oa mmea mmoja na mizizi yake, nikashuka nao. Maganda yalilia njia nzima.

Baba alikuwa anakama. Gogo amekaa kwenye kigoda karibu naye, akishika mkia wa ng'ombe ili asimpige. Nilisimama mbele yao, mmea mkononi, nikasema. Sikumbuki maneno. Chebet, aliyekuwa mlangoni, anasema nilisema kwa Kiswahili kama mtoto anayesoma shairi mbele ya mgeni, wakati nyumbani tuliongea lugha yetu. Labda niliona lugha ya shule ndiyo lugha ya kuungama.

Mikono ya baba ilisimama. "Ulimlisha kwa mkono wako?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Ndiyo, baba."

"Na daktari alipouliza?"

Gogo akamwambia baba, "Maliza kwanza ng'ombe, maziwa yasirudi." Na baba kweli aliinama akamaliza, matone ya mwisho kabisa, na sijawahi kusikia sauti ndefu kama ile ya maziwa ndani ya ndoo. Kisha akanawa, akavaa koti.

"Vaa viatu. Ubebe hilo jani."

Nilifikiri ananipeleka nikaungame mbele ya kila mlango. Jua lilikuwa linazama upande wa Olenguruone. Kwenye geti la kwanza, kwa Kipsang, nilikaza macho chini nikingoja kuambiwa sema.

Baba akasema, "Nilikosea mimi."

Kipsang akauliza, "Umekosea nini?"

"Si mdudu. Ni majani. Krismasi alikuwa anakula huko juu, mimi nikawaambia ni barabarani. Mdudu anakula haya majani, ndiyo maana ni mchungu. Kesho msipandishe ng'ombe kabla hatujayang'oa. Huyu msichana ndiye anayeyajua. Mwonyeshe, Chelangat."

Nikainua mmea. Nikaonyesha ua, jani, ganda. Nikatikisa, ukalia. Kipsang alitazama mmea, akamtazama baba, kisha akacheka mpaka akashika nguzo.

"Kwa hivyo jana tulipigana na vipepeo bure? Jenerali! Jenerali wetu wa vipepeo!"

"Ni nondo," nilisema, kwa sauti ambayo nadhani haikusikika.

Baba alikwenda hivyo nyumba saba. Kila mlango alisema nilikosea mimi, na kila mlango nilitikisa mmea. Wengine walicheka, mwingine alikasirika kwa ajili ya dawa yake iliyomwagwa, mama mmoja akatukaribisha chai. Jumatatu watu walipanda na majembe badala ya ng'ombe. Kabla ya mvua baba alichonga mizinga miwili, akampelekea Baba Wanja begani, mmoja mmoja. Nyuki walirudi kwa kuchelewa. Nondo nao walirudi, wachache, na mara moja nilimwona baba akimkuta mmoja kwenye kizuizi cha zizi, akasimama, akakifungua upande wa pili. Kibuyu changu Gogo alikishusha baada ya miaka miwili, kwa maziwa ya ng'ombe mwingine. Kuhusu uongo baba hakuniambia kitu siku hiyo wala siku nyingine. Mimi kwa utoto wangu nilifurahi. Nilidhani nimeponea, na kwamba ile safari ya nyumba saba ndiyo iliyokuwa adhabu, miguu yangu ikiuma.

Kijana wa agrovet alipokuja kuchukua koti nilimsimulia kuhusu Krismasi, ila si yote. "Mathe, hiyo ni sumu ya pole pole," alisema. Kuitwa mathe, yaani mama, na mtu mwenye ndevu bado sijazoea. "Inakula ini kwa wiki nyingi. Akishaanza kusukuma kichwa, hakuna sindano." Akatafuta kwenye simu, akanionyesha picha. Alikuwa yule nondo wa Open, vidoa na yote. Jina lake la kitaalamu alinisomea lakini sikuliandika, naogopa kulikosea. Nilimuuliza kama daktari angejua tangu siku ile ya kwanza angemponya. "Pengine hapana," alisema. "Lakini sijui." Nilimshukuru kwa hilo la pili.

Desemba iliyopita tulikusanyika nyumbani kumshukuru Mungu kwa mtoto wa Chebet aliyemaliza shule. Hema lilijaa. Mimi nilikuwa wa chai. Kipsang, sasa mzee wa fimbo na mdomo ule ule, alisimama kutoa neno.

"Vijana, mnamwona huyu?" akamnyooshea baba fimbo. "Huyu ni jenerali. Maisha yake yote alituongoza vita moja tu, na tukawamaliza vipepeo!"

Hema zima lilicheka, hata watoto, maana wote waliijua. Ndivyo anavyoitwa sokoni. Ndivyo anavyoitwa kanisani. Baba alicheka pamoja nao, akizungusha kofia yake kwenye goti. Nilisimama na birika mkononi, na hapo, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu, ndipo nilipoelewa jina hilo ni la nani. Lilikuwa langu. Kwenye geti la kwanza lilikuwa linaanguka kuelekea kwangu, na mtu mmoja alisogea hatua moja mbele likamwangukia yeye. Amelibeba zaidi ya miaka ishirini. Mimi alinipa mmea nishike, watu wanikumbuke kama msichana aliyeyajua majani. Na kweli, ndivyo wanavyonikumbuka.

Nikafungua mdomo. "Mzee Kipsang, siku ile ya wadudu, ukweli ni kwamba mimi..."

"Chelangat," baba akaita, bila kugeuka. "Chai imeisha huku."

Nikaenda. Niliinama kumwongezea, nikatazama kikombe chake. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni.